Tulisimama Mara Tisa

Nianze na beji, maana ndiyo iliyonitia kinyaa kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Ilikuwa bendera ndogo ya bati, imechomekwa kwenye koti upande wa moyo, imesuguliwa mpaka inang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Nilimbandika jina pale pale, Bwana Beji. Karatasi zake zilikuwa mezani na jina lake kamili limeandikwa juu kwa herufi kubwa, lakini sikutaka kulisoma na sitaki kulijua hata leo.

Tulikuwa watu wanne, saa tatu asubuhi, kwenye chumba cha ghorofa ya pili cha ofisi ya hakimiliki. Afisa, mama wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni kwa uzi mweusi, alikaa kichwani mwa meza. Bwana Beji alikaa upande wa dirisha. Mimi na Mjomba tulikaa upande wa mlango, kwenye viti vya mbao visivyo na mikono, na hilo la mikono nalitaja kwa sababu Mjomba ana goti. Kila mzee ana goti, lakini la Mjomba liliangukiwa na chuma karakana ya reli, na kusimama kwake ni shughuli. Anashika ukingo wa meza, anainua kiuno, anangoja, halafu ndiyo anamalizia.

Mjomba alikuwa kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya wafanyakazi wa reli. Miaka thelathini na moja iliyopita, Jumapili moja asubuhi karakana ikiwa imefungwa, aliwapanga wenzake kumi na saba katikati ya mabehewa mabovu, akawasha mashine yake mwenyewe ya kanda aliyoibeba kwenye baiskeli, wakapiga wimbo wa taifa. Hawakutumwa na mtu. Walitaka tu siku moja wajisikie wenyewe. Watu kumi na wanane, na leo wamebaki watatu.

Mimi nina duka la fotokopi. Ndimi niliyeitoa ile sauti kwenye kanda na kuiingiza kwenye kompyuta, nikamfungulia Mjomba ukurasa mtandaoni, nikaipakia. Chini yake alinisomea majina yote kumi na manane, na kila jina chombo chake, kwa kumbukumbu tu, bila kusita hata mara moja. Basi watu wakaanza kuja. "Huyo wa tromboni ni baba yangu, sikuwahi kumsikia akipiga." "Huyo wa ngoma kubwa ni babu yetu." Shule zikawa zinauchukua kwa ajili ya gwaride la asubuhi, na Mjomba hakumdai mtu hata shukrani. Kila jioni alikuwa anapita dukani nimsomee waliyoandika watu, na akifika amevaa shati safi, kama mtu anayekwenda kupokea wageni.

Sasa niseme kosa langu, nisijitie hamnazo. Wakati wa kupakia, mtandao uliniuliza hii ni mali ya nani. Kulikuwa na visanduku viwili, "kazi yangu" na "mali ya umma". Nikawaza, wimbo wa taifa utakuwaje kazi ya Mjomba? Ni wa watu wote. Nikatia alama kwenye mali ya umma, tena kwa fahari, nikaenda kunywa maji.

Miezi minne iliyopita ikaja barua ya onyo. Mjomba, ilisema, ametumia rekodi ya mtu mwingine bila ruhusa. Rekodi ikazimwa, majina yakaondoka nayo, na mahali pengine ikatokea ile ile, imetandikwa picha ya bendera inayopepea, na chini pameandikwa mtayarishaji mmoja tu, aliyeisajili kwa jina lake. Bwana Beji. Shule nazo zikapelekewa maonyo. Mwalimu mkuu mmoja akampigia Mjomba simu, "Mzee, mbona umetuponza?" Nilimwona Mjomba akikosa la kujibu, yeye ambaye hakukosa neno hata siku alipozikwa mke wake. Ukituuliza tulifuata nini ofisi ile, tulifuata barua. Karatasi moja yenye muhuri, ya kusema rekodi hii ilifanywa na hawa kumi na wanane, basi.

"Kwanza niseme," Bwana Beji alianza, na mdomo wake umejaa asali, "mzee wetu huyu ni hazina. Mimi nikimwona namwona baba yangu. Sikuja kugombana."

"Endelea na hoja," afisa akamwambia.

"Hoja ni ndogo tu, mama. Niliikuta mtandaoni imeandikwa mali ya umma. Ilikuwa na makelele, vyuma vinagongana, mtu anakohoa. Nimekaa wiki tatu naisafisha. Nilichotoa ni kazi mpya. Ni wajibu wangu kama mzalendo kuulinda wimbo wetu usichezewe."

Aliposema mzalendo aligusa beji. Wallahi aliigusa, kwa kidole kimoja, taratibu.

Afisa akavaa miwani, akanigeuzia kompyuta. "Dada, hii alama umetia wewe?"

"Mimi."

Mjomba hakunitazama. Ningefurahi kama angenitazama, hata kwa hasira.

"Sikilizeni," afisa akasema, na nilimpenda kwa dakika ile. "Mali ya umma ni wimbo, maneno yake na muziki wake. Huo kila mtu anaweza kuuimba, kuupiga, kuurekodi. Lakini rekodi ni jasho la waliopiga. Dada huyu amekosea kisanduku, na kukosea kisanduku hakumnyang'anyi mtu jasho lake. Kilichobaki ni kimoja. Huyu bwana anasema ya kwake ni mpya. Itabidi nizisikilize zote mbili, kipande kwa kipande."

Akabonyeza. Spika ndogo za kompyuta zikatoa trampeti ya kwanza, na kabla noti ya pili haijafika, Bwana Beji alikuwa ameruka wima, mikono ubavuni, kidevu juu.

Afisa akamtazama. Akatutazama sisi. Nikaona akifikiri, na nikaona fikra zenyewe zilikoishia. Akainuka. Mimi nikainuka. Mjomba akashika ukingo wa meza, akainua kiuno, akangoja, na alipomalizia kunyooka kipande kilikuwa kimekwisha. Sekunde nane.

Tukakaa. Afisa akaandika mstari mmoja, akabonyeza kipande hicho hicho cha Bwana Beji. Tukasimama tena wote. Sekunde nane. Tukakaa.

Mara ya tatu mlango ulifunguliwa, akaingia mhudumu wa chai na sinia mkononi, vikombe vinne na birika. Akausikia wimbo, akaganda pale pale kizingitini. Birika likaanza kuteleza polepole kuelekea ukingoni mwa sinia, na sote tukalitazama, na hakuna aliyenyoosha mkono. Lilisimama lenyewe. Yule mhudumu alipoona tumekaa aliweka sinia sakafuni akaondoka bila kugeuka nyuma, na sikumlaumu.

Mara ya nne nikaona machozi ya Bwana Beji. Simsingizii, alikuwa na machozi ya kweli, yamejaa machoni, hayadondoki. Kitu alichokiiba kinamliza. Nimeona wezi wenye haya, nimeona wezi wakali, lakini mwizi anayeguswa moyo na mali ya wizi mbele ya mwenyewe, huyo amevaa miwani ya mbao, na imemkaa vizuri.

"Samahani, mama," nikamwambia afisa, "haiwezekani tukasikiliza tumekaa? Huu ni ukaguzi tu. Mzee ana goti."

Afisa akamtazama Bwana Beji. Mbona amtazame yeye? Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

"Mimi sina neno," Bwana Beji akasema. "Kila mtu na moyo wake."

Afisa akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa mtandio. "Tusimame tu. Ni sekunde chache."

Tukasimama. Mara ya tano, mara ya sita. Kwenye rekodi ya Mjomba kulikuwa na kishindo cha chuma, na kwenye ya Bwana Beji hakuna. Kwake kulikuwa na mwangwi kama wa kanisani, kwetu hakuna. Kila tofauti ikiandikwa, Bwana Beji anatikisa kichwa kwa unyenyekevu kama bwana harusi anayesifiwa. Jasho lilikuwa linamtoka Mjomba kwenye mashavu, na mkono ulioshika meza ulikuwa unatetemeka zaidi ya kawaida yake. Mara ya saba nilimshika kwapa nimsaidie. Akanisukuma, si kwa nguvu.

Aliposhuka kwenye kiti akasema, "Mama afisa, naomba unisikilizishe mwishoni. Kabla ya mstari wa mwisho."

"Upande wako?"

"Upande wangu kwanza, halafu wake."

Tukasimama mara ya nane. Bendi ilishuka, ikanyamaza, na katikati ya ule ukimya ikasikika pumzi. Watu kumi na wanane wakivuta hewa kwa pamoja, kifupi, kama mtu aliyestuka. Halafu mstari wa mwisho.

"Hapo," Mjomba akasema akiwa bado wima. "Kitabu cha muziki kinataka uvute pumzi nusu mstari nyuma. Sisi tulikuwa hatuwezi. Wa tromboni mapafu yake yaliharibiwa na moshi wa injini, akikosa hewa anaanguka. Kwa hiyo nilisimamisha bendi nzima avute, na sote tukavuta naye. Hakuna bendi nyingine inayofanya hivyo, ni kosa. Sasa weka ya kwake."

Hatukukaa. Hiyo ikawa mara ya tisa, na ndiyo mara pekee niliyosimama kwa hiari yangu. Ukaja mwangwi wa kanisani, ukaja ule ukimya, na pumzi ilikuwemo. Alikuwa amefuta chuma, amefuta kikohozi, lakini hakujua kama pale kuna kitu cha kufuta.

Afisa aliirudia kwa sauti ya chini sikioni kwake, spika moja ameishika mkononi kama kikombe. Kisha akaketi, akaandika, na alisema huku anaandika. "Ni ile ile. Nimesikia wazi. Barua nitaitoa leo hii."

Mjomba alifumba macho. Mimi damu ilinipanda usoni kwa furaha, nikamtazama Bwana Beji nione atakavyonywea. Hakunywea. Alikuwa anarekebisha kola.

"Nashukuru, mama," akasema. "Ila kwa utaratibu nina haki kazi yangu isikilizwe yote, mwanzo mpaka mwisho, kabla hujapiga muhuri. Mpaka sasa mimi ndiye niliyesajiliwa, na mpaka sasa ni mali yangu."

Afisa akashusha pumzi. Utaratibu ulikuwa hivyo kweli. Akabonyeza.

Bwana Beji akaruka wima. Afisa akainuka, nami nikainuka. Mjomba akabaki amekaa.

Nilidhani ni goti. Nikainama kumshika, nikaona uso wake umetulia, viganja viwili juu ya mapaja, mgongo umenyooka. Hakuwa ameshindwa kusimama, aliamua. Wimbo ukaenda, ubeti mzima, na yeye amekaa anausikiliza kama anavyosikiliza redio kwake. Pembeni nilimwona Bwana Beji ametoa simu ameishika kifuani. Nikadhani anatazama saa. Mimi na akili zangu za visanduku.

Ulipokwisha, afisa akasema polepole, "Mzee, hukusimama."

"Nimesimama mara tisa, mama. Nimehesabu. Huyu bwana amesema hii ni mali yake. Kama ni wimbo wa taifa si wake, na niwekee nisimame mpaka goti lipasuke. Kama ni wake, mimi sisimami kwa ajili ya mali ya mtu. Achague." Akashika ukingo wa meza, akainua kiuno, akangoja. "Naenda msalani. Huu wimbo wake umenishika kibofu."

Nilicheka kwa sauti. Ndiyo mara ya mwisho niliyocheka siku ile. Tulisikia hatua zake zikienda korido, moja nzito moja nyepesi, na Bwana Beji alingoja mpaka zilipopotea. Mbele ya mzee hakuthubutu. Alipohakikisha ameenda ndipo alipoweka simu mezani, akaigeuza upande wangu, akabonyeza.

Ilikuwa imetoka safi. Mzee amekaa, kichwa juu, viganja mapajani, na wimbo unapigwa wote. Pembeni yake afisa wima.

"Sina nia mbaya, dada," akasema. "Ila watu wa siku hizi unawajua. Kiongozi wa bendi, tena mtu mzima, amekaa kitako ndani ya ofisi ya serikali wimbo wa taifa ukipigwa. Mimi nikiiweka hii, kufika saa sita mchana itakuwa imeshafika kwa kila mtu, na polisi nao wana simu."

"Ana goti," nikasema.

"Kwenye picha goti halionekani."

"Kurekodi watu ndani ya ofisi hii hairuhusiwi," afisa akasema. "Futa."

"Nitafuta, mama. Hata wewe umo humu. Umesimama vizuri sana. Ila husikiki ukimwambia asimame."

Nilimwona afisa akihesabu miaka iliyobaki kabla ya kustaafu. Akavuta droo, akatoa fomu, na nilijua ni fomu gani kabla sijaisoma, maana dukani kwangu nimeitoa kopi mara nyingi. Fomu ya kuondoa lalamiko. Akanisogezea bila kunitazama. "Wewe ndiye mwakilishi wake kisheria," akasema. "Unaruhusiwa."

Ni kweli. Mikono ya Mjomba inatetemeka, saini yake haifanani mara mbili, kwa hiyo alinipa barua ya kumwakilisha. Aliniamini mimi, yule yule wa kisanduku.

Nilikaa na ile kalamu. Nilimwaza Mjomba akipita mtaani kwetu, watu wakimwamkia "Shikamoo Kiongozi" kutoka kila kibaraza. Nikawaza watu wale wale wameinamia simu zao. Najua wanavyokuwa. Wasingeuliza habari ya mara tisa, wala habari ya pumzi. Wangemwona amekaa, basi. Nikawaza polisi wanamtaka apande ngazi za kituo. Nikatia saini, na saini ilitoka nzuri mno, haikutetemeka hata kidogo.

Afisa alichukua rula. Sitamsahau na ile rula. Aliiweka chini ya mstari alioandika "ni ile ile", akaukata kwa wino mwekundu, mstari umenyooka sawasawa, akaupulizia ukauke. Angeuchana ule ukurasa ningemsamehe.

Bwana Beji naye alitimiza ahadi. Alifuta mbele yangu, akanionyesha, akaingia hata kwenye pipa la taka la simu akafuta na humo. "Umeona? Mimi ni mtu wa maneno yangu. Na mzee akitaka kuuweka tena kwenye ukurasa wake, aniombe tu. Sitamnyima."

Nikamwambia ahsante. Hakuna aliyenilazimisha. Ilitoka yenyewe, kwa adabu niliyofundishwa, na ninapoandika haya bado naisikia mdomoni, ina ladha ya maji ya kufulia.

Tulimkuta Mjomba koridoni, mikono imelowa, shati amelichomekea upya. Alikuwa anang'aa. Bwana Beji akapita karibu yake, akasema, "Pole na goti, mzee," na Mjomba, Mjomba wangu mimi, akampa mkono. Akamshika bega kabisa. "Usijali, kijana. Kushindwa ni jambo la kawaida. Siku nyingine uulize kwanza." Yule mtu akainamisha kichwa, akaupokea ule mkono, akashuka ngazi.

Nilikuwa nimejiandaa kusema. Naapa nilikuwa nimeshayapanga maneno. Lakini simu ya Mjomba ilikuwa tayari sikioni, na sauti yake ilikuwa imejaa korido nzima. Alikuwa anaongea na yule wa trampeti ya kwanza, mmoja wa wale watatu, ambaye miaka miwili sasa hatoki kitandani.

"Afisa mwenyewe kasema! Nimemsikia kwa masikio yangu haya! Anaandika barua leo. Hee? Hapana, siongezi chumvi. Ngoja, huyu hapa mpwa wangu, ndiye aliyebaki mule ndani, atakwambia."

Akanipa simu. Ilikuwa ya moto na imelowa.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, binti. Huyu rafiki yangu ana maneno mengi, mimi nataka kwako. Wameturudishia?"

Mjomba alikuwa ananitazama, anatabasamu, ameegemea ukuta kupumzisha mguu.

"Wameturudishia," nikasema.

"Na majina yanarudi pale chini?"

"Yanarudi."

"Na ya marehemu?"

"Yote, baba," nikasema. "Nitayaandika mimi mwenyewe."